Kama Mungu alijua, kwa nini ahukumu?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma saikolojia. Zamani alikuwa mwanakwaya, sasa kanisani haonekani. Mwaka jana mtoto wa shangazi yetu alifariki kwenye ajali: dereva wa basi alikuwa analipita lori kwenye kona. Msibani mhubiri alisema kazi ya Mungu haina makosa, siku yake ilikuwa imefika. Tulipotoka makaburini mdogo wangu akaniuliza, "Kama Mungu ndiye aliyeipanga hii siku, dereva amekosa nini?" Tangu hapo kila tukikaa ni hayo hayo. Mungu alijua Yuda atasaliti, halafu anamhukumu. Aliufanya mgumu moyo wa Farao, halafu akampiga kwa ugumu wa moyo. Babu zetu walikufa hawajawahi kulisikia jina la Yesu, nao wanaungua? Nikinyamaza ataona hakuna majibu, na nikijibu ovyo nitamfukuza kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Poleni sana kwa msiba.

Nianze na swali la makaburini, maana mengine yote yamechipuka hapo. Mdogo wako alisikiliza mahubiri kwa makini kuliko wengi wetu. Kama Mungu ndiye aliyepanga siku ile, saa ile na kona ile, basi dereva alikuwa anatekeleza ratiba tu, na hakimu anayemfunga anamwonea. Huwezi kumlaumu mtu kwa jambo ambalo hakuwa na namna ya kuliepuka. Hilo mdogo wako analijua, wewe unalijua, na Maandiko yanalijua. Kwa hiyo pale makaburini hakumkataa Kristo. Alikataa usemi wa msibani ambao sisi wahubiri tunautumia kwa sababu uko karibu na mdomo na unawanyamazisha watu.

Kazi ya Mungu kweli haina makosa. Swali ni kama kulipita lori kwenye kona ni kazi ya Mungu.

Mtu atakwambia, "Lakini Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Alisema, ndiyo, na aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ndani ya uchungu wake mwenyewe. Rafiki zake ndio waliochukua jukumu la kumweleza kwa nini Mungu amemtenda hivyo, na sura ya mwisho ya kitabu kile Mungu anawakasirikia hao rafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake. Yesu naye aliletewa habari za watu waliokufa vibaya, na yeye mwenyewe akaongeza habari ya wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu (Luka 13). Aliwaita wasikilizaji wake watubu, lakini alikataa katakata kwamba marehemu wale walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Wala hakusema siku yao ilikuwa imefika.

Kuna sura moja ningependa umsomee mdogo wako kabla ya nyingine yoyote, Ezekieli 18. Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na mithali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Maana yake, haya yanayotupata yaliamuliwa kabla yetu, sisi tunabeba tu. Ulikuwa usemi wa kufariji, kwa namna yake, kwa sababu ulimwondolea kila mtu lawama. Mungu anaupiga marufuku. Anaapa kwamba hawatautumia tena katika Israeli, kisha anamchukua mtu mmoja mwadilifu, na mwanawe mwovu, na mjukuu aliyeona uovu wa baba yake akaamua kutoufuata, na kwa kila mmoja anasema huyu atahukumiwa kwa yake mwenyewe. Yule mjukuu ndiye wa kumtazama. Kila kitu nyumbani kwao kilikuwa kinamvuta upande mmoja, akaenda upande mwingine, na Mungu anauheshimu uamuzi wake. Mlango wa hukumu katika Biblia unafunguliwa hapo, palepale ambapo mithali ya majaaliwa inafungwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kurudi kwa mdogo wako na kumwambia, "Lile swali lako la makaburini lilikuwa la haki. Mhubiri alikosea." Usiogope kwamba unamdhalilisha mtumishi. Unamtetea Mungu dhidi ya shitaka ambalo tumemtwisha sisi.

Sasa Yuda. Hoja ya mdogo wako ni ya kale kuliko makanisa yetu yote, na mmoja wa waliohangaika nayo alikuwa Mwafrika: Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Katika kitabu chake juu ya hiari, alichokianza Roma mwaka 388 na kukimalizia akiwa amerudi Afrika, anasema hivi: wewe unayakumbuka mambo ya jana, na kuyakumbuka kwako hakukuyalazimisha yatokee. Vivyo hivyo Mungu kuyajua ya kesho hakuyalazimishi. Kujua ni kitu kimoja, kusababisha ni kingine. Mwanafalsafa Boethius, akisubiri kuuawa gerezani huko Italia karibu mwaka 524, alisogeza hoja hiyo mbele: Mungu hayuko ndani ya wakati akitazama mbele kama sisi, bali anaona jana na kesho zote kama tunavyoona sasa. Na kumwona mtu anatembea hakumfanyi atembee.

Hiyo ni nusu ya jibu, na mdogo wako akiwa mwerevu kama unavyomweleza ataidaka haraka. Atasema, "Sawa, lakini mimi sikumuumba mtu ninayemkumbuka. Mungu alijua, kisha akaumba." Hapo amefika kwenye kiini chenyewe, na ninakusihi usimkimbie. Mungu hakuwa mtazamaji tu. Aliianzisha dunia ambayo ndani yake Yuda angekuwapo.

Badala ya kumjibu kwa falsafa, mpeleke 1 Samweli 23. Watu wengi hawajawahi kuisoma hadithi hii. Daudi yuko ndani ya mji wa Keila, ameuokoa na Wafilisti, Sauli anamwinda. Daudi anamuuliza Mungu: je, Sauli atashuka? Mungu anajibu, atashuka. Je, watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi anawachukua watu wake, kama mia sita, wanatoka mjini. Sauli akasikia ameondoka, akaacha kwenda. Wala Sauli hakushuka, wala watu wa Keila hawakumtoa mtu. Soma tena polepole: Mungu alijua jambo ambalo halikutokea kamwe, kwa sababu mtu aliyeambiwa aliamka akaondoka. Kujua kwa Mungu hapa kunampa Daudi nafasi ya kutoka. Luis de Molina wa Hispania, padre wa shirika la Wayesuiti, aliijenga hoja yake nzima kwenye aina hii ya kujua, katika kitabu alichokitoa mwaka 1588. Wadominiko, shirika jingine la Kikatoliki, wakampinga vikali, mashauri yakaenda hadi Roma, na mwaka 1607 Papa Paulo wa 5 akaufunga mjadala bila kumpa yeyote ushindi, akazikataza pande zote mbili zisiitane wazushi. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara, na mngeiga mfano huo mezani kwenu.

Kisha mweke Yuda karibu na Petro. Watu huwatenganisha, lakini usiku ule wote wawili walitabiriwa. Yuda aliambiwa atasaliti. Petro aliambiwa kabla ya jogoo kuwika utanikana mara tatu. Utabiri wa pili ulikuwa wa uhakika kama ule wa kwanza, na ukatimia. Kama kutabiriwa kungekuwa hukumu iliyokwisha kuandikwa, Petro angekuwa amekwisha. Lakini Petro alitoka nje akalia kwa majonzi, na baadaye kando ya ziwa akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, akakabidhiwa kondoo. Yuda naye alijuta. Mathayo 27 inasema alirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri, "Nimekosa." Alikwenda kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba haliwahusu. Kisha akatoka akajinyonga. Mimi siwezi kuisoma sura hiyo bila kuumia, kwa sababu tofauti kati ya watu hao wawili haikuwa kwenye unabii. Jogoo alipowika, Petro alikuwa bado anakumbuka maneno ya Yesu, na alikuwapo asubuhi ile ya Bwana kumtafuta.

Farao ni mzigo mzito zaidi. Wachungaji wengi humalizia kwa kusema Farao alijifanya mgumu kwanza, kisha Mungu akamwachia. Kuna ukweli mwingi hapo: katika mapigo matano ya kwanza kitabu cha Kutoka kinasema moyo wake ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mzito, na hasa alipoona pana nafuu. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo tunasoma kwa mara ya kwanza kwamba Bwana ndiye aliyeufanya mgumu. Mdogo wako akifungua Biblia ataona pia kwamba katika sura ya 4 na ya 7, kabla ya pigo lolote, Mungu alikwisha kumwambia Musa, "Nitaufanya moyo wake kuwa mgumu." Usiufiche mstari huo. Mwambie wewe kabla hajakwambia.

Nami ningemwonyesha pale ambapo watu huwa wanapita bila kusimama, Kutoka 9:20. Kabla ya mvua ya mawe Musa alionya, na katika watumishi wa Farao mwenyewe, ndani ya ikulu ileile, kuna waliolicha neno la Bwana wakawakimbiza watumwa na mifugo yao nyumbani. Wengine hawakulitia moyoni, wakawaacha shambani. Sura inayofuata watumishi hao wanamwambia bosi wao usoni: bado hujajua ya kuwa Misri imekwisha kuharibika? Kwa hiyo ule ugumu haukuwashukia Wamisri wote kama ukungu. Ulimhusu mfalme mmoja aliyekuwa amejenga utawala wake juu ya migongo ya watumwa, na mtangulizi wake alikuwa ameagiza watoto wao wa kiume watupwe mtoni. Mungu alimshika pale alipokuwa amesimama, akamtumia kuwatoa watumwa. Ni tendo la hukumu lililokuja baada ya uovu mwingi, na Maandiko hayasemi popote kwamba Farao alizaliwa mwema akageuzwa.

Je, hilo linaondoa ugumu wote? Hapana. Mimi ni Mlutheri, na katika nyumba yetu jambo hili limetutesa. Mwaka 1524 msomi Mkatoliki Erasmus aliandika kuitetea hiari ya mwanadamu. Mwaka uliofuata Luther alimjibu kwa ukali kwamba katika kumrudia Mungu hiari yetu imefungwa, inahitaji kufunguliwa. Hata hivyo Ungamo letu la Augsburg, tamko la imani ya Walutheri la mwaka 1530, linakubali kwamba katika mambo ya maisha haya mwanadamu ana uhuru fulani: kufanya kazi, kuoa au kutooa, kutenda haki kwa jirani au kumdhulumu. Dereva yule alikuwa na uhuru wa kubaki nyuma ya lori. Hilo hata Luther, mkali wa wote, hakulikana. Na maungamo yetu ya mwaka 1577 yanaweka mpaka ambao mdogo wako anahitaji kuusikia: Mungu anayajua mema na mabaya kimbele, lakini kujua huko si chanzo cha mabaya, na uteuzi wa tangu awali ni wa kuokoa tu, hakuna aliyeteuliwa apotee. Ndugu zetu wa mapokeo ya Calvin wengi wamesema tofauti, na wana mistari yao. Mimi nasimama hapa kwa sababu ya Ezekieli 33 na 2 Petro 3:9, ambapo Mungu anasema hafurahii kufa kwake mwovu, na hapendi yeyote apotee. Kwa nini basi, akiwa hivyo, aliumba akijua wapo watakaomkataa? Naamini ni kwa sababu alitaka viumbe wanaoweza kumpenda kweli, na anayeweza kupenda kweli anaweza pia kukataa. Kwamba gharama hiyo ilifaa, sina namna ya kukuthibitishia kwa hesabu. Ninaliamini kwa sababu aliyeipanga gharama alikuja kuilipa mwenyewe msalabani.

Kwa kuwa anasoma saikolojia, bila shaka atamtaja Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo. Mwaka 1983 alipima ubongo wa watu walioambiwa wakunje mkono wakati wowote wapendao, akaona dalili za umeme kichwani zinaanza kama nusu sekunde kabla ya tendo, ilhali mtu anajihisi ameamua kama robo tu ya sekunde, au pungufu, kabla ya mkono kusogea. Wengi wakatangaza hiari imekufa. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba ile dalili inaweza kuwa ni mpando na mshuko wa kawaida wa ubongo uliosubiri kufika kiwango fulani, wala si uamuzi uliokwisha kufanyika. Mjadala haujaisha. Ila kukunja mkono bila sababu yoyote kuko mbali sana na kukaa siku nzima ukijiuliza kama utamwibia mwajiri wako. Usipoteze jioni nyingi hapa.

Tuje kwa babu zetu. Hili ndilo linalowaumiza Waafrika zaidi, na mara nyingi sisi hulijibu kwa ukatili. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Je, waliokufa bara mwaka 1843 walitupwa motoni kwa kuzaliwa mapema? Sijui Mkristo gani anaweza kulisema hilo akiwa amesoma Warumi 2. Paulo anasema mataifa wasio na sheria wataonekana na kazi ya sheria iliyoandikwa mioyoni, dhamiri yao ikiwashuhudia, mawazo yao "yakiwashitaki au kuwatetea". Tazama hilo neno la mwisho. Siku ya hukumu Paulo anaweka uwezekano wa kutetewa. Yesu katika Luka 12 anasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana, na asiyejua atapigwa kidogo, na aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Katika Mathayo 11 anasema Tiro na Sidoni, miji ya wapagani, itastahimili zaidi kuliko miji iliyoona miujiza yake. Kanisa Katoliki liliandika mwaka 1964, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, wanaweza kuupata wokovu. Sisi Waprotestanti tunabishana jinsi ya kulisema hilo, na lazima tuseme pia kwamba atakayeokolewa ataokolewa na Kristo, hata kama hakulijua jina lake. Lakini Ibrahimu alikwisha kuuliza kwa niaba yetu sote, akiiombea Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Aliuliza akiwa amesimama mbele za Mungu, akashusha idadi kutoka hamsini hadi kumi, na kila mara Mungu alikubali. Atakayemwambia mdogo wako asimhoji Mungu, mrudishe Mwanzo 18.

Kipimo hicho ndicho kinachofanya hukumu iwe hukumu. Rudi kwa dereva. Kama alishikwa na kiharusi kwenye usukani, hatumwiti mwuaji. Kama mwenye basi alimlazimisha kuendesha usiku na mchana bila kulala, lawama inahamia kwa tajiri. Kama alikuwa anakimbilia tu kufika stendi kabla ya wenzake ili apate abiria, lawama ni yake. Mahakama ya wilaya inayajua hayo kwa kiasi, kwa mashahidi na vipimo. Mungu anayajua yote, pamoja na usingizi aliokosa na hofu ya kufukuzwa kazi. Ndiyo sababu hukumu ya Mungu ni habari njema kwa shangazi yenu, ambaye kesi yake huenda itaishia kwenye faini. Mtu akiiondoa hukumu ya mwisho ili Mungu aonekane mwema, anawaambia wote waliodhulumiwa kwamba faili limefungwa.

Akikuuliza juu ya moto wa milele, mwambie Wakristo hawajawahi kuwa na kauli moja. Augustino alifundisha adhabu isiyo na mwisho, na wengi tumemfuata. Askofu Gregori wa Nyssa, karne ya 4, alitumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa. Wasabato, ambao wako kila wilaya hapa kwetu, wanafundisha kwamba waovu watateketea na kukoma, bila kuteswa milele. Nami ningemwonyesha tu kwamba katika Mathayo 25 moto ule umeandaliwa "Ibilisi na malaika zake", haukuandaliwa wanadamu.

Umeniuliza ufanyeje. Usimwite kikao. Mkiwa mnapika au mnasafiri, mwambie kuhusu mhubiri kukosea, halafu umwache aseme. Nadhani utasikia kwamba anamlilia binamu yenu, na hajapata mtu wa kulia naye, kwa sababu nyumbani kila aliyetaka kulia aliambiwa amshukuru Mungu. Kama ni hivyo, hoja zote hizi zitasubiri. Ukitaka kumwambia kwamba akifa hivi alivyo atahukumiwa, usiseme: hilo analijua tangu Shule ya Jumapili, na kumrudishia leo kutamthibitishia kwamba unaogopa maswali yake. Akitaka kusoma, anzeni na Keila, kisha Kutoka 9, kisha Yohana 21, kwa mpangilio huo, na mwache yeye asome kwa sauti. Mmojawenu akikwama mahali, niandikie mstari wenyewe na alichokisema yeye, kwa maneno yake.